Naomba ushauri: ninawezaje kuwasimamia wauguzi walionifundisha kazi?

Muuguzi wa Uyui

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu habari za kazi. Mimi ni muuguzi mkunga katika kituo kimoja cha afya mkoani Tabora, na tangu mwanzo wa mwaka huu ninasimamia wodi ya wazazi, baada ya aliyekuwa na nafasi hiyo kuhamishwa. Sikuiomba nafasi hii wala sikuikataa. Kati ya wauguzi ninaowasimamia wamo akina mama wawili walionipokea nikiwa mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, nao ninawaamkia kila asubuhi kabla ya kuwaeleza mpangilio wa kazi.

Mmoja wao hupokea zamu akiwa amesimama mlangoni. Huuliza kama kuna shida yoyote, akijibiwa kwamba hakuna anakwenda kuweka pochi yake, bila kupita kitanda kwa kitanda wala kufungua trei ya dharura. Hivi karibuni zamu ya usiku ilipokelewa saa mbili, nami nilipopita saa nne nikakuta partografu, yaani chati ya kufuatilia maendeleo ya uchungu, ya mama aliyekuwa akisubiri kujifungua ina nafasi tupu: mapigo ya moyo wa mtoto, ambayo hupaswa kuandikwa kila nusu saa, hayakuandikwa hata mara moja. Nilipima mwenyewe, nikaandika kuanzia hapo, nikanyamaza. Mama na mtoto wako salama. Siku hizi ninafika mapema na kuchelewa kuondoka ili nikague kila kitu, na wauguzi vijana wameshajua kwamba nitakagua, kwa hiyo nao wameanza kulegea.

Nyumbani ni vivyo hivyo. Katika kikoba chetu mimi ni katibu, lakini ndimi pia ninayekusanya hisa na kuwafuatilia waliochelewesha marejesho, huku mwenyekiti na mweka hazina wakisubiri siku ya kugawana. Mume wangu anasema tabia ni ileile, kazini na nyumbani. Je, mtu hujifunzaje kuwaongoza waliomtangulia bila kuwavunjia heshima, na bila kugeuka mtumwa wa kila mtu?

Mwana Isevya

Dada, usijitese. Watumishi wa umma sasa hivi wanapimwa kwa PEPMIS, mfumo wa kielektroniki wa kupima utendaji kazi uliochukua nafasi ya ule wa zamani, OPRAS, na tathmini ya msimamizi ina uzito wake. Mweleze mganga mfawidhi kwa maandishi ulichokiona, mengine yatajipanga yenyewe. Shikamoo isiingilie uhai wa watu.

Bibi Mkunga Mstaafu

Marahaba, mwanangu. Mwana Isevya amesema kweli kuhusu uhai, ila ukianza na maandishi kabla ya mazungumzo utabaki na barua nzuri na wodi isiyokusemesha. Maandishi yana wakati wake, nao ni baada ya mtu kuambiwa ana kwa ana akakaidi. Kwa maelezo yako mwenyewe, huyo mama hajaambiwa neno lolote hadi leo.

Mtafute faragha, mbali na vijana na mbali na wagonjwa, wala usimwite ukiwa umekaa nyuma ya meza kama hakimu. Mwamkie kama kawaida, kisha useme ulichokiona, si unachomdhania. Ukimwambia kwamba amezembea, umekwisha kumhukumu na atajitetea; ukimwambia, "Mama, kitanda cha dirishani, tangu saa mbili hadi saa nne mapigo hayakuandikwa," hilo ni jambo analoweza kulijibu. Halafu unyamaze. Hapo ndipo wasimamizi wengi wachanga wanapoharibu, kwa sababu kimya kinawatisha, wakaanza wao wenyewe kumtafutia mtu visingizio. Huenda ni uzembe mtupu. Huenda pia haoni vizuri vile visanduku vidogo vya partografu kwa taa ya usiku na anaona haya kusema. Mimi nilikutana na jambo la namna hiyo kwa muuguzi hodari kabisa, likaisha kwa miwani.

Kisha badilisheni utaratibu wa wodi nzima, usionekane unamwinda yeye. Makabidhiano yafanyike kando ya kitanda, anayetoka na anayeingia wakisoma partografu pamoja, wafungue trei ya dharura, wahesabu magnesiamu salfeti, dawa ya kifafa cha mimba, wahakikishe oksitosini, dawa ya kuzuia mama kuvuja damu, iko kwenye jokofu katika nyuzi 2 hadi 8, ndipo wote wawili watie saini. Wiki ya kwanza mwombe yeye awaonyeshe vijana. Usifanye hivyo kwa kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Mwombe kwa sababu mkono wake unajua mambo ambayo wako haujayajua.

Katibu wa Urambo

Mimi si mtu wa hospitali, ni katibu wa chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku, lakini habari ya kikoba imenigusa. Tunaambiwa kwamba mkubwa ni jaa, nasi tunaipokea methali hiyo kana kwamba imetuagiza kufanya kazi za wenzetu. Jaa hupokea taka za watu. Halijapata kwenda kuwafagilia nyumba. Hata misafara ya wapagazi wa Kinyamwezi iliyokwenda pwani katika karne ya 19 ilikuwa na kirangozi aliyetangulia kuonyesha njia na wanyampara waliosimamia makundi yao, na kila mpagazi alibaki na mzigo wake.

Katika mkutano ujao, soma katiba yenu mbele ya wanachama, kazi ya kila kiongozi, kisha umkabidhi mweka hazina kitabu cha marejesho hapo hapo. Mkutano utakaofuata huenda ukavurugika. Uache uvurugike, usipige simu hata moja. Wodini huwezi kuacha jambo liharibike ili watu wajifunze, ila hesabu za kikoba zikichelewa wiki moja hakuna anayezikwa, kwa hiyo huko ndiko pa kuzoeza moyo wako kuachia.

Muuguzi wa Uyui

Nawashukuru sana. Bibi, nina hofu moja: nikimwambia, atanijibu kwamba alianza kuzalisha kabla sijazaliwa. Hapo niseme nini?

Bibi Mkunga Mstaafu

Mkubalie, kwa sababu ni kweli, kisha rudi kwenye karatasi. Usishindane na miaka yake. Mwulize tu kuanzia kesho mapigo yataandikwaje, na umsubiri ajibu. Akikubali, msifu utakapoona ameandika, wala usiende kumkagulia. Akirudia, zungumzeni mbele ya muuguzi mfawidhi wa kituo. Akirudia tena, ndipo yaje maandishi ya Mwana Isevya, na kila hatua umjulishe inayofuata. Chuo cha Utumishi wa Umma kina kampasi hapa Tabora, uliza kuhusu mafunzo ya muda mfupi kwa wasimamizi, lakini mazungumzo haya yasingoje mafunzo. Yafanye kabla hujabandika orodha ya zamu za mwezi ujao, asije akakuta amepangwa usiku akadhani unamkomoa.