Traiki, magurudumu ya nyuma: matairi ya gari au ya pikipiki?

TatuTatu:
Wakuu, naunda traiki kutoka pikipiki ya kawaida: gurudumu moja mbele, mawili nyuma, ekseli ina difu (gia zinazoruhusu magurudumu mawili kuzunguka kwa kasi tofauti kwenye kona). Fremu imeshachomelewa, kilichobaki ni magurudumu ya nyuma na njia ziko mbili. Naweza kutafuta rimu ya pili inayofanana na ile iliyokuja na pikipiki, nivalishe 130/90-16 (upana milimita 130, kimo cha ubavu asilimia 90 ya upana, rimu ya inchi 16) pande zote. Sura inabaki ya pikipiki na tairi moja ninalo tayari. Au nichukue rimu za gari za inchi 13 au 15 na matairi yake. Kila ninayemuuliza ana jibu, lakini hatoi sababu. Naomba sababu, ushabiki wa timu tuuache.

Spana17:
Sababu kubwa ni umbo. Pikipiki hulala kwenye kona, ndiyo maana tairi lake ni la mviringo: likilala bado kuna mpira wa kutosha unaogusa barabara. Traiki yako hailali. Itapita kona ikiwa wima, na tairi la mviringo litagusa chini kwa ukanda mwembamba wa katikati tu. Ukanda huo utakuwa kipara wakati kashata (meno ya mpira) za pembeni bado mpya kabisa.

Halafu kuna nguvu ya ubavu. Pikipiki ikilala, uzito na nguvu ya kona hushuka pamoja kupitia katikati ya gurudumu. Kwenye traiki nguvu ya kona inasukuma gurudumu kwa upande, na gurudumu la nje ndilo linalobeba sehemu kubwa. Tairi la gari limeundwa kwa kazi hiyo tangu mwanzo. Tazama wanaounda viwandani: Harley-Davidson Tri Glide, iliyoanza na toleo la 2009, nyuma ina 205/65R15. Can-Am Spyder, yenye gurudumu moja nyuma, inatumia 225/50R15. Hizo ni saizi za gari.

KonaKali:
Tri Glide ni mashine ya zaidi ya nusu tani, Spana. Usimlinganishe nayo mtu aliyechomelea fremu nyepesi. Traiki nyepesi ukiivalisha matairi mapana yenye mshiko mkali haitelezi tena, inapinduka. Mimi naona heri tairi linaloachia kidogo kwenye kona kuliko linalong'ang'ania mpaka gurudumu la ndani linanyanyuka. Na wanaosema tairi la pikipiki halibebi uzito waangalie namba ubavuni: 130/90-16 yenye alama ya mzigo 67 inabeba kilo 307. Mawili ni kilo 614. Traiki yake haitafika hapo hata akipakia abiria na mizigo.

Spana17:
Kwenye uzito uko sahihi, hoja ya kubeba haina nguvu hapa. Kwenye kupinduka hapana. Chukua traiki yenye upana wa mita 1 kati ya magurudumu ya nyuma na kitovu cha uzito kilicho sentimita 60 juu ya ardhi. Gari la magurudumu manne lenye vipimo hivyo lingevumilia nguvu ya kona ya takriban 0.83 ya uzito wake kabla ya kunyanyua gurudumu. Traiki haina magurudumu mawili mbele ya kuisaidia, kwa hiyo inapungua. Kitovu kikiwa theluthi mbili ya umbali kutoka gurudumu la mbele hadi ekseli ya nyuma, unabaki na 0.55 hivi. Mpira wowote wenye afya, wa gari au wa pikipiki, unashika zaidi ya hapo kwenye lami kavu. Maana yake tairi la pikipiki halitakuokoa kwa kuteleza. Dawa ni kutanua ekseli na kushusha injini na kiti. Na usikanyage breki katikati ya kona, maana uzito unakwenda mbele kwenye gurudumu moja, na hapo ndipo nyingi hupinduka.

MamaRimu:
Nyie wanaume mnabishana kuhusu mpira, rimu hamjaigusa. Mdogo wangu TatuTatu, rimu hiyo ya pikipiki ni ya spoki? Kama ni ya spoki, mjadala umekwisha. Spoki zinastahimili mzigo unaokuja wima na wa kuvuta na breki. Ukizisukuma kwa ubavu kila kona zinalegea, kisha zinakatika.

Hata ikiwa ya aloi, habu (sehemu ya katikati ya gurudumu) ya pikipiki hupitishwa ekseli katikati na kushikwa pande mbili na swingiamu, yaani mikono ya fremu inayoshika gurudumu la nyuma. Kwenye traiki gurudumu linaning'inia upande mmoja, linafungwa kwa nati kwenye uso wa habu. Rimu yako haina uso huo. Itabidi utengeneze adapta, na adapta mbaya ni hatari kuliko tairi lolote mnalolisema hapa.

Na kabla hajatokea wa kusema "vaa tairi la gari kwenye rimu ya pikipiki": ukingo wa tairi na kitako cha rimu vinafuata viwango tofauti, hata kama zote zimeandikwa 16. Tairi linaweza kugoma kukaa, au likakaa vibaya na kuchomoka. Tairi la gari kwenye rimu ya gari, la pikipiki kwenye rimu ya pikipiki. Basi.

TatuTatu:
Ni ya spoki, dada. Nimeelewa. Basi ni gari. Nimepata rimu za 13 za kuvaa 155/80R13, na pia za 15 za kuvaa 205/65R15. Mtu aniambie kwa nini nisichukue zile pana, zinapendeza.

MvuaNyingi:
Zinapendeza zikiwa zimeegeshwa. Tairi la 205 limeundwa kulala chini ya gari zito. Kwenye traiki nyepesi ukilijaza upepo wa gari, psi 32 (psi ni kipimo cha mgandamizo wa upepo), linakuwa gumu, linadundadunda na linalika katikati. Kwa hiyo wenye traiki nyepesi hushusha, wengi huwa kati ya 18 na 26. Hapo mvua inaingia. Kuna kanuni ya wahandisi wa NASA ya miaka ya 1960, iliyotokana na matairi ya ndege, inayoonyesha tairi huanza kuelea juu ya maji yaliyotuama kwa mwendo unaotegemea upepo wake. Kwa psi 32 ni kama kilomita 94 kwa saa. Kwa psi 20 ni kama 74. Haihesabu kashata, kwa hiyo usiichukue kama sheria, lakini mwelekeo wake ni wa kweli: tairi pana, lenye upepo mdogo, chini ya chombo chepesi, linaelea mapema. Jembamba linapasua maji.

KonaKali:
Hilo nakubali. Ila zile 13 zitamharibia gia. 130/90-16 ina kimo cha milimita 640 hivi, 155/80R13 ina 578. Injini itazunguka karibu asilimia 11 zaidi kwa mwendo uleule, labda abadilishe sproketi (gurudumu la meno la mnyororo). 205/65R15 ni 647, karibu sawa na ya zamani.

Na wasomaji wengine wasichanganye mambo: traiki zinazolala, kama Piaggio MP3, zinabaki na matairi ya pikipiki, na ndivyo inavyotakiwa. Mnayoyajadili hapa ni ya traiki iliyosimama.

Spana17:
Kuna njia ya kati: 165/80R15. Kimo chake ni milimita 645, jembamba, na ni saizi iliyotumiwa sana na Volkswagen Beetle, ambayo vipuri vyake vimetumika kwenye traiki nyingi za kuunda nyumbani. Unapata gia zilezile bila kubeba upana usiouhitaji. Kama spidomita inasoma gurudumu la mbele, haitaguswa kabisa.

MvuaNyingi:
Hiyo ndiyo ningechagua. Upepo usiukisie, TatuTatu. Anza na psi 22, chora mstari wa chaki kukatiza kashata, nenda mbele kidogo kwenye lami iliyonyooka, kisha tazama. Chaki ikifutika katikati tu, punguza. Ikifutika pembeni tu, ongeza. Fanya na abiria pia, jibu litabadilika.

MamaRimu:
Kabla ya kulipia rimu za Beetle, pima habu. Za zamani zina bolti 5 kwenye duara la milimita 205, za baadaye zina 4 kwenye milimita 130. Ukikosea hapo ndipo watu huanza kutoboa matundu mapya. Tuwekee na picha ya habu yako, upande wa ndani, nione nafasi ya breki.