Nitaishindaje hofu ya kumpelekea mhariri hadithi zangu?

Mwalimu wa Kondele, Kisumu
Wapenzi wa fasihi, naomba ushauri wenu. Nina hadithi fupi kadhaa za Kiswahili katika daftari la jalada gumu, lakini kila ninapokusudia kuzipiga taipu ili nimpelekee mhariri, mkono huwa mzito. Mimi ni mzawa wa Kano, lugha yangu ya kwanza ni Dholuo, na nahofia kwamba msomaji wa Mombasa au Unguja hatafika ukurasa wa pili kabla ya kusema kuwa sijui Kiswahili. Isitoshe, hadithi mojawapo inamhusu mjane anayekataa kurithiwa, na jamaa zangu watadhani nimewaanika. Nifanyeje?

Mkereketwa, Nakuru
Mwalimu, hofu zako ni mbili, na kila moja ina dawa yake. Kuhusu lugha, mkumbuke marehemu Ken Walibora, aliyezaliwa Bungoma, mbali kabisa na pwani, ilhali riwaya yake ya Siku Njema, iliyotoka mwaka 1996, ilitahiniwa katika shule za sekondari nchini. Upatanisho wa kisarufi mhariri ataurekebisha, lakini hawezi kukuandikia jinsi mto Nyando unavyofurika usiku, watu wakapandisha magodoro na magunia ya mpunga darini huku maji yakipita chini ya mlango.

Mama Wawili, Kakamega
Kuhusu jamaa, Grace Ogot, mzaliwa wa Asembo aliyekuwa muuguzi na mkunga, alieleza kwamba alipopeleka hadithi zake kwa wachapishaji, hawakuelewa ni vipi mwanamke Mkristo angeandika mambo ya kafara na dawa za kienyeji. Mojawapo ilichapishwa baadaye katika jarida la Black Orpheus, na riwaya yake ya kwanza ikatoka mwaka 1966. Badilisha kijiji, majina na idadi ya watoto, ila kukataa kwa yule mjane usikuguse, kwa maana ndiko hadithi yenyewe.

Msomaji, Busia
Naafikiana nanyi, isipokuwa suala la kumwachia mhariri sarufi. Mwenye miswada mingi mezani huiweka kando ile iliyojaa makosa. Mwalimu, isome hadithi kwa sauti, kamusi ikiwa karibu, kisha umpe mwenzako mmoja unayemwamini kabla ya kuituma.

Mwalimu wa Kondele, Kisumu
Nawashukuru sana. Nitaanza na hiyo ya mjane, na kijiji nitakihamishia upande wa Nyakach. Ndugu wa Busia, ungekubali kuwa msomaji wangu wa kwanza?

Msomaji, Busia
Kwa moyo mkunjufu, Mwalimu. Itume ikiwa tayari.