Madigadi ya pikapu: ya dukani au ya kuchongesha?

BintiMahuta

Wakuu, habari za jioni. Nina Hilux ya kebini moja, dizeli, inabeba matenki ya maji huku Newala na Tandahimba, na sasa hivi msimu umeingia inabeba korosho kupeleka ghalani. Dereva ni mtoto wa kaka yangu, ila mwenye gari ni mimi na anayelipa fundi rangi ni mimi. Kwa hiyo yule wa kuniambia "mwambie shemeji aangalie" apite kimya kimya.

Gari nilinunua halina madigadi ya nyuma kabisa, yale mapazia ya kuzuia tope na kokoto nyuma ya tairi. Mbele limebaki moja, la kushoto, nalo limepasuka nusu linaning'inia. Zamani sikujali. Lakini tangu barabara yetu ya kutoka Mnivata kuja Newala ianze kujengwa, tunapita michepuko ya kokoto, na kokoto linazorusha tairi la mbele zinapiga chini ya mlango, trrr, utadhani mtu anamwaga mahindi kwenye sufuria. Jana niliinama upande wa dereva nikapitisha kidole pale chini: rangi hakuna, ni bati tupu, na pembeni mwa yale madoa ya bati kutu imeshaanza kuinua rangi iliyobaki. Nyuma ndiyo usiseme. Tukipakia sana mlango wa bodi tunauacha wazi, magunia ya mwisho yanafika yamepigwa chapa ya udongo mwekundu, na karani akiona gunia lenye tope anaanza hadithi za unyevu.

Nimeulizia hivi. Mtwara mjini kuna duka lina ya plastiki, seti ya manne Sh 90,000, wanasema yanaingia kwenye matundu yaleyale ya gari bila kutoboa. Yenyewe halisi ya Toyota bei yake sitaki hata kuiandika. Pili, kuna mzee sokoni anachonga katambuga, zile ndala za tairi, amesema nikimletea tairi la lori atanikatia kwa Sh 8,000 kila moja. Tatu, huyu kijana wangu anasema ana rafiki mwenye kipande cha mkanda wa konveya, ule mpira mzito wa kiwandani, bure. Sijauliza umetokaje huko kiwandani na sitauliza.

Mvua za Desemba ziko mlangoni. Lipi litamaliza masika bila kunirudisha kwa fundi?

Mikindani_Shwari

Dada nunua ya dukani, gari lipendeze. Konveya unafunga kwenye Hilux au kwenye greda? 😂

MzeeWaLiwale

Binti yangu, usimsikilize huyo wa lami. Anatoka Mikindani anaenda mjini anarudi, tope analiona kwenye picha.

Mimi ni mtu wa Nangurukuru kuja Liwale, na Nachingwea nikiwa na mzigo. Ile plastiki naijua. Kiangazi inakaa vizuri, inang'aa, kila mtu anakuuliza umenunua wapi. Siku moja umekwama kwenye udongo mweusi, unarudi nyuma, tairi linalikanyaga digadi kwenye ukingo wa tope, unasikia kah! Mpira ungejikunja ukarudi. Plastiki ikishakaa juani inakuwa kavu, haikunjiki, inavunjika palepale kwenye skrubu, na mara nyingine inaondoka na kipande cha fenda.

Gari langu nimefunga tyubu ya lori. Nimekata vipande viwili nimevipandanisha, chini nikaweka bapa la chuma ili upepo usivipeperushe. Bei ni ya soda.

FundiBodi_Masasi

Mzee wangu shikamoo. Kwenye plastiki na kurudi nyuma umesema kweli tupu, yanaletwa hapa gereji kila masika. Ila hilo bapa la chuma chini ya tyubu naomba ulitoe. Linaning'inia na bolti mbili kwenye mpira laini, mpira unachanika pole pole kwenye tundu, siku likichomoka uko mwendo wa 80 nyuma yako kuna bodaboda. Hilo si digadi tena.

Sasa dada wa Mahuta. Unauliza kama vile lazima ununue manne ya aina moja. Mbele na nyuma ni kazi mbili tofauti.

Mbele tairi linakata kona. Digadi la mbele likiwa bapa na nene, ukikata usukani mpaka mwisho huku tairi limeingia shimoni, linasugua. Ndiyo maana ya dukani yana umbo, yamepinda kufuata fenda, na matundu yake yapo tayari kwenye gari. Na hilo la mbele ndilo linalookoa chini ya mlango wako, kwa sababu kokoto zinazokula rangi pale ni za tairi la mbele, si la nyuma. Kwa hiyo mbele nunua. Mwambie mwenye duka akuvunjie seti, akikataa nunua yote, ya nyuma utauza.

Nyuma tairi halikati kona, linapanda na kushuka tu. Pale ndipo pa mpira. Pale ndipo linapokanyagwa ukirudi nyuma, ndipo mzigo unaposhusha gari. Chongesha.

Kuhusu konveya: uupime kwanza unene. Ile ya milimita 10, kipande cha sentimita 30 kwa 40 kinafika kilo moja na nusu hivi, na tope likishika ni zaidi. Hiyo kilo na nusu inacheza mchana kutwa kwenye bati la bodi la pikapu ambalo ni jembamba. Bati linachoka, linapasuka kuanzia kwenye tundu la bolti kwenda juu. Kwenye lori sawa, lori linafungwa kwenye chuma. Ukipata konveya ya milimita 5 au 6, chukua na mshukuru huyo rafiki wa kijana.

BintiMahuta

Fundi ubarikiwe. Kijana amekwenda kupima: ni ya milimita 12, na kuibeba tu alikuja anahema. Basi hiyo imekufa. Linabaki la tairi. Mzee wa katambuga anasema tairi lolote la lori litafaa, ni kweli? Na urefu nimpe gani, maana gari tupu na gari lenye tenki la maji ni magari mawili tofauti.

Mzee wangu wa Liwale, shikamoo, na hilo bapa utoe tafadhali, sisi wa nyuma yako tuna watoto.

MzeeWaLiwale

Marahaba. Nimelitoa leo asubuhi, msinisimange. Upepo unapeperusha tyubu sasa hivi, nimefunga kamba.

FundiBodi_Masasi

Si lolote. Matairi mengi ya malori siku hizi ni ya waya, yaani ndani ya mpira kuna nyuzi za chuma mpaka kwenye mbavu. Kwanza kisu hakipiti, utahitaji grinda. Pili ukishakata, ncha za waya zinabaki nje pembeni, zinaingia maji, zinashika kutu, na atakayeosha gari zitamchana mkono. Muombe mzee akutafutie la nailoni. Yeye mwenyewe analijua, katambuga nzuri zinatoka humo. Kwenye mbavu za tairi pameandikwa: ukiona neno "steel" liache.

Akate ubavu, si sehemu inayokanyaga barabara, ile ni nene mno. Akilowesha kisu kwa maji ya sabuni kinapita kama hakina kazi. Mpira wa tairi una mpindo wake wa kuzaliwa, hata uunyooshe vipi utarudi. Huo mpindo autumie: upande uliobonyea utazame nyuma, usitazame tairi. Ukifunga kinyume, ukingo wa chini unajikunja kuelekea kwenye tairi, siku ya kurudi nyuma unaingia wote.

Urefu: pakia kwanza. Jaza tenki, au panga magunia kama siku ya kazi, gari likae chini kabisa, ndipo upime. Kutoka ukingo wa chini wa digadi hadi ardhini bakiza shubiri moja, sentimita 20 hivi. Ukipimia gari tupu, siku ya mzigo digadi litaburuza. Upana lizidi tairi kidogo kila upande. Na lisikae limegusana na tairi, acha sentimita 10 kwa nyuma yake, maana kokoto ikibanwa hapo katikati inakuwa msasa.

Kilwa_Masoko_77

Naongezea moja, fundi hajaligusa. Sisi wa pwani tunajua, ninyi wa juu mnasahau: kutoboa ndiyo kuanzisha kutu. Kila tundu jipya kwenye bodi ni mdomo wa maji. Ukishatoboa kwa drili usifunge palepale. Piga msasa ukingo wa tundu, paka redoksaidi, ile rangi ya kuzuia kutu, iache ikauke, ndipo ufunge. Kwa ndani weka kipande cha bapa ili bati libanwe katikati, mpira huku bapa kule, bolti zisivute bati peke yake. Bolti za spana namba 10 zinatosha, weka washa pana, na nati ziwe zile zenye plastiki ndani, hazilegei kwa mtikisiko. Riveti usikubali hata fundi akikuapia. Siku ya kubadilisha utamtafuta mwenye drili.

Halafu nyuma ya digadi panajikusanya tope. Watu wanaosha gari mbele ya digadi, kule ndani hawaoni. Hasa ninyi mnaobeba salfa ya mikorosho: vumbi lake likichanganyika na tope bichi linakula bati. Mpe kijana mpira wa maji apulize kule ndani.

Mikindani_Shwari

Mbona mimi nimeonekana mtu wa lami tu. Nina swali la maana: kwa nini hata mbele asifunge digadi la mpira, apunguze unene? Mzee wa katambuga anaweza kulichonga likawa jembamba.

FundiBodi_Masasi

Anaweza, na nimewahi kufunga. Shida ni mwenye gari lazima akubali tukae naye gereji tukikata usukani kushoto mwisho, kulia mwisho, tena gari likiwa na mzigo, tunapunguza kidogo tunajaribu tena. Mpira ukiwa mwembamba kiasi hicho unavutwa na upepo ukiwa kwenye mwendo na unapiga fenda. Ukipiga hesabu ya muda wangu umeshalipa ya dukani. Kwa asiye na haraka na asiye na Sh 45,000, sawa.

BintiMahuta

Majibu ya leo wakuu. Mwenye duka amekubali kunivunjia seti, ya mbele mawili Sh 50,000, amenibana kidogo lakini nimechukua. Yameingia kweli bila kutoboa, ila tundu moja la kulia lilikuwa limeziba kwa tope kavu, kijana amelichokonoa kwa msumari karibu saa nzima.

Ya nyuma mzee amepata tairi la nailoni, ubavu mzima hauna waya. Tumejaza tenki ndipo tukapima. Kijana alikuwa ameshachora kwa chaki gari likiwa tupu, tofauti ilikuwa kama vidole vinne. Redoksaidi imekauka leo mchana, kesho tunafunga.

Mzee kaniuliza aandike nini, anasema digadi la nyuma bila maneno ni aibu. Kijana anataka jina la timu yake ya mpira. Gari ni langu, nimekataa. Itaandikwa "MAJI BARIDI" na namba ya simu chini yake.

FundiBodi_Masasi

Rangi ya kawaida kwenye mpira itapasuka wiki ya kwanza ukijikunja. Mwambie mzee ayachonge maneno kwa kisu, halafu apake rangi ndani ya michongo tu. Na namba ya simu iwe juu, chini huko tope litaifuta.