Msaada: folda za seva zinachelewa mno kufunguka ofisini

Karani_wa_Mkoani
Wakuu salaam. Ofisini tuna kompyuta kama kumi na tano, nyingi Windows 10, na seva moja tunayohifadhia mafaili ya wote. Ukibofya folda ya seva, ule mstari wa kijani pale juu unatambaa kama konokono, nusu dakika nzima folda haijaonyesha kitu. Cha ajabu, ikishafunguka, kunakili faili kubwa ni fasta tu. Fundi aliyekuja anasema tununue swichi mpya (kile kisanduku kinachounganisha nyaya za mtandao). Naombeni ushauri kabla hela haijatoka.

Fundi_Waya
Mkuu, fundi anaweza kuwa sahihi. Waya wa gigabiti 1 unataka nyuzi zote 8 ziwe nzima. Zikikatika baadhi, kompyuta inashuka kimyakimya hadi megabiti 100. Cheki kwanza spidi ya kadi ya mtandao.

MzeeWaSeva
Fundi_Waya, hata megabiti 100 ni kama megabaiti 12 kwa sekunde. Orodha ya majina ya mafaili haifiki hata robo ya hapo. Angesema kunakili nako kunasuasua, ningekuunga mkono.

Mleta mada, usinunue kitu. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika \\192.168.1.10 (weka IP ya seva yenu, yaani namba yake kwenye mtandao), uone inachukua muda gani. Halafu fanya vilevile kwa jina la seva. Leta majibu yote mawili hapa.

Kijana_wa_IT
Washa SMB1 mkuu, ile njia ya zamani ya Windows ya kushirikisha mafaili, itapaa.

MzeeWaSeva
Asiwashe! Huo ndio mlango kirusi cha WannaCry kilipitia Mei 2017, na Windows 10 kuanzia toleo la 1709 haiji nayo kwa kawaida. Mtu anaomba dawa ya mafua, wewe unampa sumu.

Dada_Helpdesk
Angalia pia herufi za diski za mtandao zinazoelekea seva za zamani. Kama kuna S: au Z: ya seva iliyozimwa, Windows huigongea hodi na kusubiri mpaka ichoke ndipo ikuonyeshe vingine. Fungua cmd (lile dirisha jeusi la kuandikia amri), andika net use. Ukiona Unavailable, iondoe: net use S: /delete. Disconnected peke yake isikutishe, huenda haijatumika muda kidogo tu. Na shotikati za dezktopu zinazoelekea kwenye seva iliyokufa, futa zote.

Karani_wa_Mkoani
Nimerudi. Kwa IP inafunguka palepale, kwa jina inakwama. Nimeandika ipconfig /all, karibu mashine zote DNS yake (inayogeuza majina kuwa namba za IP) ni 8.8.8.8. Nadhani kuna mtu aliziweka siku intaneti ilipokuwa inasumbua. Kompyuta ya mhasibu ilikuwa na S: ya seva ya zamani, nimeshaifuta.

MzeeWaSeva
Basi mchawi ni huyo. 8.8.8.8 ni ya Google, seva yenu ya ndani itaijulia wapi? Kompyuta inauliza huko, inaambiwa hakuna jina kama hilo, ndipo inageuka kuwauliza majirani wote ofisini. Muda wako unaishia hapo. Mnaingia kwa akaunti za domeni, zile zinazosimamiwa na seva?

Karani_wa_Mkoani
Ndiyo, domeni, na seva inayoisimamia ni hiyohiyo ya mafaili.

MzeeWaSeva
Weka IP ya seva kuwa DNS ya kila kompyuta, basi. Maswali ya nje, seva yenyewe ndiyo iyapeleke 8.8.8.8, kwenye sehemu ya Forwarders ya mipangilio yake ya DNS. Usiiweke 8.8.8.8 kama DNS ya pili kwenye kompyuta, maana Windows ikishaihamia inaweza kung'ang'ania huko na ugonjwa ukarudi, tena wa vipindi, ambao ni mgumu zaidi kuukamata. Ukimaliza, andika ipconfig /flushdns kwenye cmd ya kila kompyuta, isahau majibu ya zamani.

Karani_wa_Mkoani
Asante sana mkuu, mashine nilizobadilisha zinafunguka mara moja. Imebaki folda moja tu ya picha za miradi, hiyo bado nzito kwa kila mtu.

Dada_Helpdesk
Hiyo ni kesi nyingine. Windows inazisoma picha moja moja kupitia mtandao ili ikuchoree vile vijipicha. Bofya folda kitufe cha kulia, Properties, Customize, chagua General items. Kisha ndani ya folda weka mwonekano wa Details.