Mkate wa nyama wa nyumbani: oveni, mkaa au mvuke?

Mpishi wa Isevya (Tabora)
Habari zenu wanajukwaa. Nina kilo moja ya nyama ya ng'ombe iliyosagwa buchani, mayai mawili, vitunguu na mkate wa jana, nami ninataka kuwapikia wageni mkate wa nyama, yaani nyama iliyosagwa inayoumbwa na kupikwa kama mkate. Ninazo njia tatu: oveni ndogo ya umeme, sufuria kwenye jiko la mkaa huku nikipalia moto juu ya mfuniko, au mvuke. Aliyewahi kupika kwa njia zaidi ya moja anieleze tofauti ya ladha na ya kazi yenyewe.

Binti Ujiji
Dada, umeme ukiwepo, chagua oveni. Iwashe mapema ifike nyuzi 180 za Selisiasi, na kilo moja itachukua saa moja na robo hivi, kutegemea unene. Usidanganywe na rangi ya nje, kwa sababu nyama ikishasagwa vijidudu vilivyokuwa juu yake huchanganyika hadi ndani, na ndiyo maana katikati panapaswa kufika nyuzi 71. Kipimajoto cha chakula ndicho cha kuaminika.

Mzee wa Kanyenye
Oveni haina ubishi, ila hizi ndogo huunguza juu kabla ya ndani kuiva, kwa hiyo funika kwa karatasi ya foili nusu ya kwanza ya mapishi. Mimi ni mtu wa mkaa. Tumia sufuria nzito iliyopakwa mafuta, uweke makaa machache chini na mengi juu, kwa kuwa chini ndiko kunakoungua upesi. Utapata ganda zuri lenye harufu ambayo oveni haitoi, lakini huwezi kuondoka jikoni, na mfuniko lazima uuinue ukiwa umelala sawasawa, la sivyo majivu yataishia kwenye nyama. Mvuke hutoa nyama laini iliyopauka, isiyo na ganda lolote. Mgonjwa ataifurahia, wageni sina hakika.

Msomaji wa Mwanga (Kigoma)
Mzee wangu, shikamoo. Kwa maoni yangu moto si jambo kubwa kiasi hicho. Mapishi mengi ya Marekani, ambako chakula hiki ni cha kawaida majumbani, hutegemea nyama yenye mafuta ya asilimia 15 hadi 20, wakati nyama ya ng'ombe wetu wa kienyeji mara nyingi haina mafuta mengi, na ukiipika peke yake itakuwa kavu hata ukitumia oveni ya hoteli. Mwombe mwenye bucha asage pamoja na kipande cha mafuta. Kisha loweka vipande vinne vya mkate katika maziwa zaidi kidogo ya nusu kikombe, uviponde hadi viwe uji mzito, ndipo uchanganye na nyama na mayai. Uji huo hushika unyevu na kuzuia nyama isijikaze. Wapo wanaotumia unga wa muhogo badala ya mkate. Unashika kweli, lakini huifanya nyama inate, nami siupendekezi. Mawese nayo tuyaachie mboga na samaki, maana hapa yatameza ladha ya nyama.

Jambo jingine ni mkono: usikande kama unga wa chapati. Chumvi na kukanda sana hutoa utomvu wa nyama unaoifanya ibane kama soseji.

Mpishi wa Isevya (Tabora)
Ahsanteni. Je, vitunguu viingie vibichi? Na asali yetu inafaa kupakwa juu?

Binti Ujiji
Vikaange kwanza na uviache vipoe. Vibichi hutoa maji na kuacha mianya, kisha vipande hukatika ovyo wakati wa kupakua.

Mzee wa Kanyenye
Asali inafaa sana. Changanya vijiko viwili na sosi ya nyanya na ndimu kidogo, upake dakika 15 za mwisho tu, kwa sababu asali huungua haraka. Kwa mkaa, punguza makaa ya juu kabla ya kupaka. Ikiiva, iache dakika 10 kabla ya kukata ili maji yake yatulie.

Mpishi wa Isevya (Tabora)
Basi nitatumia mkaa, kwa kuwa bati la kilo moja haliingii katika oveni yangu, na kesho asubuhi nitapitia buchani kuomba mafuta.