Kulipia mashine za kubangua kwa korosho: tusaini au tuache?

KokwaNzima: Wakuu, kikundi cha wabanguaji Mtwara kimepata ofa ya mashine kutoka Vietnam. Bei taslimu dola 400,000. Tukilipa kwa korosho zilizobanguliwa ni 480,000, yaani 160,000 kila mwaka kwa miaka 3. Watachukua W320 (daraja la korosho nzima nyeupe, kama 320 kwa paundi) kwa bei ya soko pungufu asilimia 8, na bei ya soko wanaitaja wao. Nyongeza ya asilimia 20 kwa miaka 3 naiona ya kawaida, au nakosea?

Daftari: Unakosea, mkuu. Usigawe 20 kwa 3, maana deni linapungua kila mwaka. Malipo hayo ni riba ya karibu asilimia 9.7 kwa mwaka. Tena kuna lile punguzo: ili mhesabiwe 160,000 mnatoa mzigo wa 173,913 kwa bei ya soko. Riba inafika kama 14.6. Hiyo ndiyo ya kulinganisha na mkopo wa benki wa dola.

Gatini: Daftari yuko sawa, ila msiikimbie ofa. Anayelipwa kwa mazao ya mashine yake ana sababu ya kuleta mashine nzima: ikivunja korosho, W320 inageuka vipande naye anakosa mzigo. Hiyo dhamana muiandike. Majaribio yafanyike kwa korosho ghafi za Mtwara, asilimia ya korosho nzima itajwe, ikishuka malipo yasimame.

Bei ya korosho muuzaji wa mashine asiitaje yeye hata siku moja. Chukueni wastani wa FOB (bei ya mzigo ukishapakiwa melini) wa wiki 4 kabla ya kupakia, kutoka kwa madalali watatu waliotajwa kwenye mkataba. Wala msiifunge kwa miaka 3: ghafi mnanunua mnadani, ikipanda mtabangua kwa hasara.

KokwaNzima: Wanataka mkataba mmoja tu.

Daftari: Kataeni. Miwili, wa mashine na wa korosho, na itifaki fupi ya kuiunganisha, kila mzigo na ankara yake. Ukiwa mmoja, ugomvi wa ubora wa korosho utazuia hadi spea. Deni liandikwe kwa dola, si kwa makontena (futi 20 ni maboksi 700 ya paundi 50, kilo 15,876), ili bei ikipanda mpeleke maboksi machache.

Gatini: Na kipengele cha faini ya kutopeleka mzigo kiseme ikishalipwa, wajibu wa mzigo ule umekwisha. Kisiposema, mnaweza kulipa faini na korosho bado mkadaiwa.