Waranti inaisha mwezi ujao, nikague gari kwanza?

Mzee wa Gia: Wakuu, gari halinisumbui, ila asubuhi likiwaka injini inagonga kidogo, ikipata moto inanyamaza. Nianze kwa fundi wa nje au niende kwa wakala?

Spana 17: Anza nje, kwa fundi asiye na maslahi. Alinyanyue, amulike sili za injini na gia boksi kama zinavuja, na mipira ya ekseli kama imechanika. Angalia na kilomita pia, waranti hufa kwa kile kinachotangulia, miaka au kilomita.

Mama Usukani: Huo mlio usiuelezee kwa mdomo tu! Lilaze gari kwa wakala, waliwashe wenyewe asubuhi likiwa baridi. Hakikisha lalamiko limeandikwa kwenye fomu ya kazi, lina tarehe, nawe ubaki na nakala. Waranti ikiisha, hiyo karatasi ndiyo ushahidi wako. Pedi za breki na waipa sahau, hizo kwa kawaida ni juu yako.

Mzee wa Gia: Fundi akifungua kitu je?

Spana 17: Asifungue! Aangalie tu, asome kompyuta ya gari, akuandikie.